Jeki Hunyanyua, Haishikilii: Namna Salama ya Kufanya Kazi Chini ya Gari

Kwa mkazi wa Kiswere, gereji yenye shimo la ukaguzi na vifaa kamili iko mbali, na kulivuta gari bovu hadi huko kuna gharama. Ndiyo maana wamiliki na madereva wengi hulinyanyua gari uani kwa jeki pekee, kisha huingia uvunguni. Makala haya yanaeleza kwa nini desturi hiyo huweza kuua, na hatua zinazopaswa kufuatwa.

Kwa nini jeki haitoshi

Jeki ya mafuta hubeba uzito kwa msukumo wa mafuta yanayozuiwa na mpira ndani ya silinda. Mpira ukichakaa, mafuta huvuja na jeki hushuka. Jeki ya mkasi imekusudiwa kubadilishia gurudumu tu. Gari likisogea kidogo, huanguka ubavu. Gari dogo lina uzito wa takriban tani 1, na magari mengi makubwa huzidi tani 2. Tofali za saruji na mawe ya matumbawe pia yasitumike, kwani hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Hatua za kufuata

1. Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Penye mchanga, au udongo uliolowa wakati wa masika, tanguliza ubao mpana na mnene wa mti mgumu chini ya jeki na chini ya kila stendi.

2. Zima injini, chomoa ufunguo, weka gia na uvute breki ya mkono. Kisha weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Katika magari mengi breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma. Ukinyanyua nyuma, breki hiyo haizuii tena gari kuviringika.

3. Ikiwa utatoa gurudumu, legeza nati kabla ya kunyanyua.

4. Weka jeki mahali palipoelekezwa na kitabu cha gari. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula chuma. Kagua kutu kwanza, kwani bati lililooza hutobolewa na jeki.

5. Weka stendi za chuma zenye uwezo wa kubeba uzito husika chini ya chesesi, kisha ushushe gari taratibu hadi zilibebe.

6. Litikise gari kwa nguvu kabla ya kuingia. Likiyumba, lishushe uanze upya.

7. Laza gurudumu la akiba chini ya chesesi liwe kinga ya pili. Usifanye kazi peke yako, na watoto wakae mbali.

Ajali ikitokea

Usimvute aliyebanwa. Linyanyueni gari kwanza kwa jeki nyingine au kwa nguvu za watu, mlizuie lisirudi, ndipo mumtoe. Piga simu ya dharura 112, au 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Majeruhi apelekwe kituo cha afya hata akisema hana maumivu, kwa kuwa damu huweza kuvujia ndani.

Wasio na stendi wanashauriwa kuchangia ununuzi wa jozi moja kwa majirani kadhaa, au kumwita fundi aliye nazo. Husemwa kwamba ajali haina kinga, hii inayo.