Jua lilipopatwa Rujewa, aliyeuza ni mwenye sufuria kubwa

Jumatano ni siku ya soko Tengeru. Mfanyabiashara wa ndizi asiyeonekana sokoni siku hiyo, ama anaumwa au amefiwa. Ndiyo maana nilishangaa, Agosti 2016, rafiki yangu anayenunua mikungu Nkoaranga na kuiuza Tengeru na Kilombero aliposema yuko tayari kuikosa Jumatano ya Agosti 31 ili twende Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama jua likipatwa.

Tulikuwa wanne: yeye, mwalimu wa sekondari, dereva mwenye gari, na mimi niliyekuwa nimemaliza chuo si muda mrefu, mwenye hoja nyingi na fedha kidogo.

Mwenye ndizi aliuliza swali moja tu. "Hilo jua litatulipa nini?"

Nikamwambia litatulipa mchele. Rujewa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katika bonde la Usangu, na Septemba mpunga wa msimu unakuwa umeshavunwa. Tungegawana mafuta ya kwenda, tukanunua magunia Ubaruku, na mchele wa Mbeya unavyopendwa Arusha, safari ingejilipa yenyewe. Hesabu ilikaa vizuri sana kwenye karatasi.

Tuliondoka Arusha saa tisa usiku, Meru ukiwa bado kivuli nyuma yetu. Barabara ya Babati hadi Dodoma ilikuwa haijakamilika, lami yake ilizinduliwa mwaka 2018, hivyo Kondoa tuliipita kwa vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye chupa ya chai. Mtera tulikula samaki. Iringa baridi ilitukumbusha nyumbani. Tuliingia Rujewa usiku, baada ya karibu kilomita 900, na hapo ndipo somo la kwanza la uchumi lilipotusubiri.

Nyumba ya wageni tuliyoipigia simu wiki moja kabla ilikuwa imeuza vyumba vyetu kwa waliofika na fedha mkononi. Nilikasirika, lakini kwa haki simlaumu sana mwenye nyumba. Hatukuwa tumetuma hata senti, wakati kutuma fedha kwa simu lilikuwa jambo la kila siku. Neno la kwenye simu si malipo ya awali. Tulilala ndani ya gari, mwalimu akikoroma kwa niaba yetu sote.

Ndugu msomaji, si kila kupatwa kwa jua ni kwa namna moja. Mwezi ukiwa karibu na dunia unaweza kulifunika jua lote na mchana ukawa giza, kama ilivyotokea katika baadhi ya maeneo ya Tanzania Oktoba 23, 1976 na tena Februari 16, 1980. Ukiwa mbali unaonekana mdogo, haulitoshi jua, na pembeni inabaki pete ya mwanga. La Septemba mosi, 2016 lilikuwa la pete. Kivuli kilianzia Bahari ya Atlantiki, kikapita Gabon na Kongo, kikaingia kwetu na kutokea Msumbiji kwenda Madagaska. Arusha waliona jua likimegwa sehemu tu.

Baada ya saa nne asubuhi jua lilianza kuliwa ukingoni. Miwani maalumu ilikuwa michache kuliko macho, hivyo watu walipokezana, wengine wakatumia vioo vyeusi vya mafundi wa kuchomelea. (Miwani ya kawaida ya jua na filamu za eksirei hazifai kabisa, zinaruhusu miale inayounguza jicho bila mtu kusikia maumivu.) Kabla ya saa sita pete ilifunga. Kwa karibu dakika tatu mwezi ulikuwa umefunika takriban asilimia 95 ya jua, mwanga ukawa kama wa taa yenye betri dhaifu, upepo ukapoa. Chini ya miembe, kila tundu dogo kati ya majani lilichora pete yake ardhini, mamia ya pete, na watoto walikuwa wakizikanyaga.

Mzee mmoja wa Nkoaranga alikuwa ametuaga akituambia kuku watakwenda kulala. Hawakwenda. Waliendelea kuparua kama vile hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo wakulima wameniuliza mara nyingi kama mazao hudhurika. Hayadhuriki. Wingu zito la saa moja hunyima mmea mwanga mwingi kuliko pete ya dakika tatu.

Turudi kwenye fedha. Bei ya gunia la mchele haikutikisika siku ile, kwa sababu mgeni wa siku moja hanunui gunia. Hununua kitanda, sahani ya wali, maji, na kitu cha kutazamia jua. Mama lishe mmoja karibu na tulipoegesha alikuwa ameazima masufuria ya msibani na kupika mara tatu ya kawaida yake. Alimaliza saa saba. Jirani yake alipika kama Alhamisi yoyote, akamaliza saa nne, kisha akakaa kutazama wateja wakipita kwenda kwa mwenzake. Wote wawili walikuwa wamesikia tangazo lile lile redioni.

Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo kama mchumi. Bei ya nyanya hakuna anayeijua kabla ya mavuno, na mvua hutudanganya. Lakini saa na mahali jua litakapopatwa hujulikana miaka mingi kabla. Zambia mwaka 2001 ilipokea maelfu ya wageni kwa tukio kama hilo. Marekani, kabla ya Agosti 21, 2017, vyumba katika miji mingi midogo iliyokuwa njiani mwa kivuli vilikodiwa miezi mingi mapema. Ni mteja anayetangaza siku atakayokuja, na bado tunampikia sufuria moja.

Na sisi je? Tulirudi na magunia manne, gari likilia kila tuta. Faida ililipa mafuta na chakula cha njiani. Haikulipa Jumatano. Mkulima aliyemuuzia rafiki yangu ndizi kwa miaka alimpa mikungu mnunuzi mwingine, na ilichukua wiki tatu kumrudisha. Gharama hiyo sikuwa nimeiandika kwenye karatasi yangu, na mkewe hajaacha kunikumbusha.

Hata hivyo, hivi karibuni aliniuliza lini tena. Nikamwambia Agosti 2, 2027 jua litafunikwa lote, lakini ni Misri, Luxor, kwa zaidi ya dakika sita, na pande za kaskazini mwa Somalia. Sisi Arusha tutaona sehemu tu. Pete itarudi Tanzania, upande wa kusini, Mei 21, 2031.

Alitoa simu, akafungua kalenda, akasogeza miaka kwa kidole gumba. Kisha akanitazama.

"Jumatano tena?"