Fundi wa Venice Aliyemchora Sultani wa Stambuli

Leo ukurasa huu nimewapa watoto. Wakubwa hawakatazwi kusoma, lakini wakae nyuma na wasiwakatize wenzao. Kisa chenyewe ni cha fundi wa picha, Mtaliani aliyeitwa Gentile Bellini (jina lake wajukuu zangu lisomeni "Jentile"), ambaye zaidi ya miaka 500 iliyopita alisafiri baharini kwenda kumchora Sultani wa Waislamu.

Gentile alizaliwa Venice yapata mwaka 1429. Mji huo umejengwa juu ya maji, na njia zake kubwa ni mifereji. Mtoto wa Lamu akipelekwa huko hatashangaa vichochoro vyembamba wala mtu kwenda sokoni kwa mashua. Watu wa Venice walikuwa wafanyabiashara kuliko kitu chochote. Waliwaendea Waislamu Iskandaria na Sham kununua pilipili na hariri, na lugha ya bei waliielewa vizuri kuliko lugha ya vita.

Baba yake, Jacopo, alikuwa mchoraji. Zamani hizo uchoraji haukusomwa darasani. Ilikuwa kazi ya mikono kama useremala au uhunzi, na mtoto aliianzia chini kabisa. Mwanafunzi mpya hapewi brashi. Hupewa jiwe la kusagia. Rangi zilitoka kwenye udongo, majani, wadudu na madini, na zote zilitaka kusagwa mpaka mkono ufe ganzi. Ya thamani kuliko nyingine ilikuwa buluu iliyosagwa kutoka jiwe ambalo Waajemi na Waarabu huliita lazuwardi. Jiwe hilo lilichimbwa milima ya Badakhshan, nchi ya Afghanistan, likapita mikono ya wafanyabiashara Waislamu hadi likafika Venice. Basi mkiona picha ya kale ya Kitaliani yenye buluu ya kuvutia macho, jueni kwamba huenda rangi ile ilisafiri kwa ngamia kabla ya kufika ukutani.

Jacopo alikuwa na vitabu vikubwa vya michoro, akiba ya maisha yake: majumba, farasi, simba, watu wamesimama na watu wameanguka. Kwa fundi wa picha, vitabu vya namna hiyo ni kama daftari la ramani kwa nahodha. Viwili vipo mpaka leo, kimoja London na kimoja Paris. Jacopo alipokufa na mjane wake akaandika wasia mwaka 1471, michoro ile aliachiwa Gentile. Kulikuwa na mtoto mwingine wa kiume, Giovanni, naye hodari wa kuchora, na wengi leo husema alimpita ndugu yake. Katika wasia ule jina lake halimo. Wataalamu hudhani alizaliwa na mama mwingine. Liwekeni jambo hilo moyoni, tutalirudia.

Sasa twende Stambuli. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili, kijana wa miaka 21, aliuteka mji huo, ndipo Waturuki wakamwita Fatih. Baadaye alipigana na Venice kwa miaka 16, tangu 1463 hadi 1479. Watu wa Venice walishindwa, wakaacha ardhi na wakakubali kulipa fedha ili wapate kufanya biashara tena. Amani ilipotiwa sahihi, mwaka ule ule Sultani alituma mjumbe Venice kuomba mchoraji mzuri.

Serikali ya Venice haikuchukua nafasi ya kubahatisha. Ilimtoa Gentile, ambaye wakati huo alikuwa kwenye kazi kubwa kuliko zote mjini, kutengeneza upya picha za ukumbi wa Baraza Kuu katika jumba la mtawala wao, Doge. Kazi ile akapewa Giovanni aiendeleze, na Septemba 1479 Gentile akapanda merikebu ya makasia pamoja na wasaidizi wawili. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi.

Najua hapa kuna mzee ameshakunja uso, akisema: picha ya kiumbe, na Sultani Mwislamu? Swali lake ni la haki, na mashehe wamelijadili karne nyingi. Misikiti ya Stambuli ina maandishi na nakshi za maua, kama kuta na milango yetu ya pwani ilivyopambwa. Lakini ndani ya kasri yalikuwa mambo mengine. Lipo Topkapi hata sasa karatasi la fundi wa Kituruki linalomwonyesha Sultani huyo huyo ameketi akinusa waridi. Mimi si shehe, naeleza yaliyotokea.

Gentile alikaa Stambuli zaidi ya mwaka. Picha aliyomchora Sultani imeandikwa tarehe 25 Novemba 1480. Si kubwa, urefu wake kama sentimita 70, na ni mali ya jumba la picha la taifa, National Gallery, mjini London. Sultani yumo ndani ya tao la mawe, kilemba cheupe kimezunguka kofia nyekundu, joho lake lina ukosi wa manyoya. Pua imepinda kama mdomo wa kipanga, ndevu zimechongoka, uso ni wa mtu mgonjwa mwenye fikira nyingi. Juu yake kuna taji tatu upande huu na tatu upande ule, na ya saba imedariziwa kwenye kitambaa kilichotandikwa mbele. Masultani wa ukoo wake waliomtangulia walikuwa sita. Hesabuni wenyewe.

Kuna karatasi nyingine ninayoipenda kuliko hiyo. Inaonyesha kijana wa Kituruki ameketi chini kwa joho la buluu lenye nakshi za dhahabu, ameinamia ubao wake wa kuandikia kama mtoto wa chuoni anavyoinamia ubao wa alifu. Wengi husema ni kazi ya Gentile, wengine wanampa Mtaliani mwingine wa zama zile. Pembeni mtu ameandika kwa hati ya Kiajemi kwamba ni kazi ya "Ibn Muazzin", mchoraji mashuhuri wa Mafirangi. Mkristo wa Venice akageuka mwana wa mwadhini! Karatasi hiyo sasa iko Boston, Marekani.

Wazungu wana hadithi ya kutisha kuhusu safari hii, na nitaitaja kwa sababu mnaweza kukutana nayo vitabuni. Wanasema Gentile alimwonyesha Sultani picha ya kichwa cha Nabii Yahya kilichokatwa. Sultani akasema shingo haikuchorwa sawa, akaamuru mtumwa akatwe kichwa pale pale ili mchoraji ajionee, na Gentile akakimbilia kwao kwa hofu. Aliyeiandika ni Carlo Ridolfi, mwaka 1648, zaidi ya miaka 160 baada ya safari yenyewe. Tena hadithi za namna hiyo zilikuwapo kale: Warumi walisimulia kwamba Parrhasius, mchoraji wa Kiyunani, alimtesa mzee mtumwa apate kuchora maumivu yake. Mehmed alikuwa mkali, na wapo waliokufa kwa amri yake, hilo sikatai. Lakini ya mchoraji huyu si hivyo. Mwanzo wa mwaka 1481 Gentile alirudi Venice na cheo cha heshima alichopewa na Sultani, na maisha yake yote aliendelea kujivunia cheo hicho. Aliyekimbia panga hatembei na zawadi za mwenye panga.

Sultani alifariki tarehe 3 Mei 1481. Mwanawe Bayezid hakupenda picha, na inasemekana zile za baba yake ziliuzwa sokoni. Picha ya Sultani ilikuja kuonekana Venice, ambako mwaka 1865 ilinunuliwa na Layard, Mwingereza aliyefukua magofu ya Ninawa. Mwaka 2020 halmashauri ya jiji la Stambuli ilinunua kwenye mnada wa London picha nyingine ya Mehmed, iliyotoka katika karakana ya Gentile, ikairudisha nyumbani.

Gentile naye alizeeka. Mwaka 1504 alianza picha kubwa mno, upana wake zaidi ya mita saba, ya Marko Mtakatifu akihubiri Iskandaria. Alipoona mauti yanakaribia, kazi haijaisha, aliandika wasia. Kitabu cha michoro cha baba yao alimwachia Giovanni, yule ambaye hakutajwa mwaka 1471, kwa sharti moja: aimalize picha. Gentile akafa Februari 1507, na Giovanni, mzee tayari, akashika brashi.

Picha hiyo iko Milan. Mbele yake wanawake wameketi chini safu kwa safu, wamejifunika shuka nyeupe kichwa hadi miguu. Nyuma yao wamesimama wanaume wenye vilemba. Kuna ngamia, kuna minara, na huko mbali uwanjani, kama aliyekuja kutoka kwetu na hajui alikofika, amesimama twiga.