Kifafa Kiko Ubongoni, Hakiko Kwenye Mate

Fikiri jambo hili. Mtoto ameanguka karibu na mafiga. Mwili wake unakakamaa, kisha unatikisika. Povu linamtoka mdomoni. Watu wamesimama mbali wanatazama. Moto unaufikia mkono wake, lakini hakuna anayemvuta.

Je, watu hao hawana huruma? Wanayo. Lakini wanaogopa. Tangu utotoni wameambiwa kwamba anayegusa mate au povu la mwenye kifafa, naye atapata kifafa. Kwa sababu ya hofu hiyo watu wameungua moto, wamezama majini, na watoto wamefichwa ndani wasiende shule.

Leo tutajifunza mambo matatu. Kwanza, ubongo ni nini na kifafa ni nini. Pili, kwa nini akili ya mtu mwenye afya njema inaweza kumdanganya. Tatu, wataalamu hutumia njia gani kupata ukweli.

UBONGO NI NINI?

Ubongo umo ndani ya fuvu la kichwa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi. Umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ambazo hazionekani kwa macho. Chembe za neva peke yake ni kama bilioni 86. Chembe hizo hupelekeana habari kwa kemikali na kwa umeme mdogo sana.

Kila sehemu ya ubongo ina kazi yake. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, hutusaidia kupanga mambo na kujizuia. Sehemu za pembeni, karibu na masikio, husaidia kusikia na kukumbuka. Sehemu ya nyuma hutuwezesha kuona. Chini yake, karibu na kisogo, ipo sehemu inayotusaidia kusimama bila kuyumba. Tena, upande wa kulia wa ubongo huendesha mkono na mguu wa kushoto, na upande wa kushoto huendesha mkono na mguu wa kulia.

Sasa fikiri mkutano wa kijiji. Mmoja akisema, wengine wanasikiliza, na kazi inakwenda. Lakini wote wakipiga kelele kwa pamoja, hakuna linalosikika. Hivyo ndivyo kifafa kilivyo. Chembe nyingi za ubongo hutoa umeme kwa wakati mmoja, bila utaratibu. Vurugu ikienea ubongo mzima, mtu huanguka na kutikisika. Ikiwa katika sehemu moja tu, labda mkono mmoja utacheza. Kuna mtoto ambaye hukodoa macho kwa muda mfupi, haitiki akiitwa, kisha anaendelea na mchezo wake. Hicho nacho chaweza kuwa kifafa.

Povu je? Povu ni mate ya kawaida yaliyochanganyika na hewa, kwa sababu mgonjwa hawezi kumeza. Likiwa na damu, huwa amejiuma ulimi.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, waganga wa Wayunani waliandika kwamba kifafa hutoka ubongoni, wala si ugonjwa wa miungu. Mwaka 1924 daktari Hans Berger wa Ujerumani alifaulu kupima umeme wa ubongo wa mtu kwa mashine. Leo hospitali kubwa zina mashine za namna hiyo, na vurugu ile ya umeme huonekana kwa macho.

AKILI INAVYOTUDANGANYA

Pengine utasema, "Mimi nilimwona mtu aliyegusa povu, na baadaye akaanguka kifafa." Inawezekana kweli ulimwona. Lakini, ndugu msomaji, akili ya binadamu ina tabia moja. Hushika sana jambo la kutisha na husahau jambo la kawaida. Aliyegusa akaugua, habari zake huvuma mpaka vijiji vya jirani. Aliyegusa asiugue, hakuna anayemtaja.

Ili kujua ukweli, tengeneza vikapu vinne. Kila mtu ni korosho moja.

Kikapu cha kwanza: waliogusa povu, wakapata kifafa.
Kikapu cha pili: waliogusa povu, wasipate kifafa.
Kikapu cha tatu: wasiogusa povu, wakapata kifafa.
Kikapu cha nne: wasiogusa povu, wasipate kifafa.

Watu wengi hutazama kikapu cha kwanza tu. Mtaalamu hutazama vyote vinne, kisha hulinganisha. Sasa jiulize: nani hugusa mate ya wagonjwa kuliko wote? Ni mama wa mtoto mgonjwa, anayempangusa kila siku. Ni wauguzi katika wodi. Kama kifafa kingekuwa kwenye mate, hao wangeanguka wa kwanza. Lakini hawaanguki. Kikapu cha pili kimejaa mpaka kinamwagika!

WATAALAMU WALIVYOTAFUTA UKWELI

Kazi ya kuhesabu na kulinganisha imefanyika hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Twende kwanza Mahenge, mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Wagonjwa wengi walikuwa wakitengwa. Yeye alichunguza, akaandika habari za kila mgonjwa, na akawapa vidonge vya fenobabitoni. Dawa hiyo imetumika kutibu kifafa tangu mwaka 1912.

Wagonjwa 164 walifuatiliwa kwa muda mrefu. Walipokuwa wakitumia dawa, zaidi ya nusu yao waliacha kabisa kuanguka. Wengine, zaidi ya theluthi moja, walipungukiwa. Baada ya miaka 30 wagonjwa hao walitafutwa tena, ikaonekana kwamba 110 wamekufa. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa: kuzama majini, kuungua moto, au kushikwa na kifafa kisichoachia. Ndugu msomaji, kumbuka jambo hilo. Maji na moto huua pale ambapo hakuna mkono wa kumvuta mgonjwa.

Njia ya pili ni kuhesabu nyumba kwa nyumba. Katika wilaya hiyo hiyo ya Ulanga, wataalamu waliuliza habari za watu kama 18,000 katika vijiji 11. Matokeo yalitolewa mwaka 1992. Walipata watu 207 wenye kifafa. Wale ambao ugonjwa ulikuwa bado unawasumbua walikuwa kama 10 katika kila watu 1,000. Lakini vijiji havikulingana. Kijiji kimoja kilikuwa na 5 katika kila 1,000, na kingine 37.

Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na ndugu mwenye kifafa. Je, hilo halionyeshi kwamba kinaambukizwa? La. Aina nyingine za kifafa hurithiwa. Tena watu wa nyumba moja huumwa na mbu wale wale na hula chakula kile kile. Huko Mahenge wataalamu wameona pia uhusiano kati ya kifafa na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na inzi wadogo weusi wa mitoni.

Njia ya tatu ni kulinganisha makundi. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watoto waliowahi kupata malaria ya ubongo walilinganishwa na watoto ambao hawakuipata. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Waliowahi kuugua, kama 9 kati ya 100 walikuwa na kifafa. Wasiowahi kuugua, ni kama 2 tu kati ya 100. Basi degedege ya malaria haiishi siku ile homa inaposhuka. Yaweza kuacha kovu ubongoni.

TUFANYE NINI?

Mtu akianguka kifafa:

1. Mwondoe haraka penye moto, maji au barabara. Mguse bila hofu.
2. Weka nguo laini chini ya kichwa. Legeza nguo zinazombana shingoni.
3. Mlaze ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri.
4. Usimtie kijiko wala kijiti mdomoni. Usimkandamize. Usimnyweshe kitu wala kumfukiza moshi.
5. Kaa naye mpaka apate fahamu. Kisha zungumza naye kwa upole.
6. Asipoacha kutikisika kwa dakika 5, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, mkimbize hospitali. Fanya hivyo pia kwa mama mjamzito, na kwa mtu aliyeanguka majini au aliyeanguka mara ya kwanza.

Kuzuia kifafa kunawezekana katika mambo mengi. Mama mjamzito ajifungulie kituo cha afya, kwa maana mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa ubongo huumia. Lala ndani ya chandarua. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe malaria. Asisubiriwe mpaka ashikwe na degedege. Tumieni choo, na anayekula nyama ya nguruwe aipike mpaka iive kabisa, kwa sababu mabuu ya tegu wa nguruwe huweza kufika ubongoni. Mwenye kupanda pikipiki avae kofia ngumu.

Mwenye kifafa apelekwe kituo cha afya. Sisi tulio karibu na njia panda ya Nanganga tunaweza kufika hospitali ya Ndanda, ya Ruangwa au ya Nachingwea. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka, wakipata matibabu yanayofaa. Lakini dawa humezwa kila siku, hata kama mgonjwa anajiona amepona. Akiiacha ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu na kumwua. Kama familia inakwenda pia kwa mganga wa jadi, vidonge visiachwe.

Mtoto mwenye kifafa aende shule. Mtu mzima alime, abangue korosho, aoe au aolewe. Ajihadhari na mambo machache tu: asioge peke yake mto Lukuledi, asipande mwembe, asiendeshe pikipiki, na jiko la nyumbani kwake liinuliwe kutoka chini au lizungushiwe ukuta mdogo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama wa mtoto mwenye kifafa hapati kifafa kwa kumpangusa mate?
2. Je, kuna jambo jingine kijijini tunaloliamini kwa kutazama kikapu cha kwanza tu? Jaza vikapu vyote vinne.
3. Je, kuna mtoto kijijini ambaye haendi shule kwa sababu ya kifafa? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake, na lini?

Ndugu msomaji, msomee habari hii jirani ambaye bado hajajua kusoma. Labda siku moja yeye ndiye atakayekuwa karibu na moto mtoto atakapoanguka.