Bibi Diana Wall na Wakaaji wa Udongo

Leo nimekuja kuwasimulia habari za viumbe ambao kila mmoja wetu huwakanyaga asubuhi na jioni, wala hajapata kuwaona. Nao ni minyoo wa udongo. Sisemi nyungunyungu, yule mnene atokezaye mvua inyeshapo. Nasema minyoo wembamba kupita uzi, ambao wataalamu huwaita nematodi. Wengi wao hawafikii urefu wa milimeta moja.

Mkulima wa nyanya huwajua kwa uovu wao tu. Aung'oapo mche uliodumaa, huona mizizi imefanya vinundu vinundu, na ndani ya vinundu hivyo wamo minyoo wanaofyonza chakula cha mmea. Migomba nayo ina minyoo wake, walao mizizi hata upepo ukivuma mgomba huanguka na mkungu wake. Mtu akisikia haya husema, “Basi, tuwaue wote!” Lakini tungoje kwanza.

Bibi Diana Wall alizaliwa Marekani mwaka 1943. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Kentucky, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika elimu ya magonjwa ya mimea. Kwa hiyo elimu yake ilianzia pale pale aliposimama mkulima wetu, penye mmea ulio mgonjwa. Lakini udongo ukitazamwa kwa hadubini, huonekana kwamba walao mizizi ni sehemu tu ya nematodi. Wengine hula bakteria, wengine hula kuvu, na wengine huwala minyoo wenzao. Na wale walao bakteria hutoa naitrojeni katika uchafu wao, nayo ni chakula cha mimea.

Je, ni nani hasa afanyaye kazi ipi? Jambo hilo ni gumu kulijua, maana katika udongo wa shamba moja mna aina nyingi mno za viumbe. Ni kama kusimama sokoni siku ya gulio na kutaka kuisikia sauti ya mtu mmoja. Yafaa kwenda mahali palipo kimya.

Mahali hapo Bibi Wall alipapata Antaktika, bara lililo kusini kabisa mwa dunia. Kuanzia mwaka 1989 yeye na Bwana Ross Virginia walichunguza Mabonde Makavu ya McMurdo, ambako hamna mti wala nyasi, na wastani wa joto la mwaka ni karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Zamani ilidhaniwa kwamba sehemu kubwa ya udongo huo haina mnyama hata mmoja. Nao wakakuta minyoo wanaishi humo. Aina zao ni chache, na iliyo kubwa kwa wingi ni ile iitwayo Scottnema lindsayae.

Mnyoo huyu ana hila ya ajabu. Udongo ukikauka, hujikunja na kupoteza karibu maji yote ya mwilini, akawa kama vumbi. Hali, hatembei, na upepo waweza kumchukua mbali. Maji yakirudi, naye hurudi katika uhai.

Lakini hila hiyo haikumwokoa na kila jambo. Tangu mwaka 1993 hata 2005, idadi ya Scottnema katika mabonde hayo ilipungua kwa 65 katika kila 100, kwa sababu ya mabadiliko madogo tu ya hali ya hewa. Na wataalamu walipopima, waliona kwamba minyoo hao hutumia sehemu 2 mpaka 7 katika kila 100 ya kaboni itumiwayo na viumbe wa udongo ule. Wakipungua wao, kazi ya udongo nayo hubadilika, maana hapana umati wa wengine wa kuishika.

Bibi Wall alipewa Tuzo ya Tyler mwaka 2013, na bonde moja la Antaktika limeitwa kwa jina lake. Alifariki mwezi wa Machi mwaka 2024. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi nyingi walikuwa wamekadiria kwamba, kwa hesabu ya vichwa, katika kila wanyama watano wa nchi kavu wanne ni nematodi.

Basi, ndugu zangu wakulima, mizizi yenye vinundu na ing'olewe, na mazao yabadilishwe shambani. Lakini dawa kali imwagwayo ardhini haichagui. Humwua mwizi pamoja na mtumishi wa nyumba. Samadi na majani yaliyooza huwalisha watumishi hao. Tukiwatunza, nao watatutunzia mimea yetu.