Kuteka Nyara si Wizi Mtupu

Mwishoni mwa mwezi wa Februari 2001, wapiganaji wa kundi la FNL waliingia Kinama, mtaa ulio upande wa kaskazini wa mji wa Bujumbura, wakajiweka baina ya nyumba za raia, wakapigana na jeshi la serikali kwa muda ukaribiao wiki mbili. Na wenyeji, ambao hawakutakwa shauri wala ridhaa, wakahama kwa maelfu kutafuta hifadhi mahali pengine. Ndege ndiyo huwajia watu wengi akilini wasikiapo habari za kuteka nyara, lakini hata mtaa mzima waweza kutekwa, ukaingizwa katika safari isiyokuwa yake.

Mwizi hutaka mali, na akiisha kuipata hukimbia. Ama mtekaji hukitaka chombo kikiwa kizima, kinakwenda, na watu wamo ndani yake, kwa kuwa nguvu yake yote imo katika kukighasibu na kukigeuza njia. Ndiyo maana basi la Titanic Express, lililoshambuliwa tarehe 28 Desemba 2000 likitoka Kigali kuja Bujumbura, wakauawa watu 21, halihesabiwi kuwa lilitekwa nyara: liliviziwa, na waliolivizia hawakutaka kulipeleka popote.

Sheria nayo huyapambanua mambo haya. Mkataba uliotiwa sahihi The Hague tarehe 16 Desemba 1970 waeleza kosa hili kuwa ni kuishika au kuitawala ndege iliyo safarini, isivyo halali, kwa nguvu au kwa vitisho. Na kila serikali iliyoukubali yalazimika ama kumtoa mtekaji kwa taifa linalomdai ama kumfikisha mbele ya mahakama zake yenyewe.

Afrika ya Mashariki imeyaonja machungu hayo mara nyingi. Ndege ya Air France iliyotekwa tarehe 27 Juni 1976 ililetwa Entebbe, mateka wakazuiliwa huko mpaka walipookolewa na makomando wa Israeli usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Mwezi wa Februari 1982 ndege ya Air Tanzania, iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilipelekwa hadi Stansted, Uingereza, na vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu.

Lakini msiba uliozidi kuwa na mafundisho ni ule wa tarehe 23 Novemba 1996, watu watatu walipoiteka ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikielekea Nairobi, wakamwamuru rubani Leul Abate awapeleke Australia; naye akawaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wasimsadiki, mpaka injini zikazimika, na ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Katika watu 175 waliokuwamo walikufa 125, na watekaji wenyewe miongoni mwao. Almuradi, mwenye kuunyakua usukani si lazima awe ajua kuuendesha.

Maana hiyo haikuishia kwenye vyombo vya safari. Mkutano ulioitwa na wakazi kwa ajili ya maji ya bomba waweza kunyakuliwa na mwanasiasa, ukageuka kuwa wa kumsifu yeye, ilhali watu wamekaa pale pale na viti ni vile vile. Kadhalika simu: mlaghai hujifanya rafiki, akaomba namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa ujumbe mfupi, na mara aipatapo huishika akaunti ya mwenyewe ya kutumiana ujumbe, akaanza kuwaandikia jamaa zake kwa jina lake akiwaomba pesa. Haifungi akaunti hiyo wala kuifuta, kwani ikifa haimfai kitu. Faida yake ni imani ambayo ndugu na marafiki wameiweka katika jina lile.

Kwa hiyo, msomaji, namba ya namna hiyo usimpe mtu yeyote, hata akijiita nduguyo. Na ujumbe wa kuomba pesa ukikujia kwa jina la jamaa, mpigie kwanza uisikie sauti yake, kabla hujatuma hata faranga moja.