Je, Wajua? Mitende ya Mpakani, Kutoka Tororo Hadi Busia

Je, wajua kuwa wapo watu wanaovuka bahari ili tu waingie uani kwa mtu na kutazama mitende yake? Mwaka 1956, Dent Smith wa Florida, Marekani, alianzisha chama cha wapenda miti ya jamii ya mnazi, ambacho leo kinaitwa International Palm Society. Kutembeleana bustani ni desturi kubwa ya wanachama wake: mwenyeji anatangulia, wageni wanafuata, na kila mti unatajiwa jina na nchi ulikotoka. Huku kwetu, mpakani mwa Uganda na Kenya, raha hiyo haihitaji ndege. Anza Tororo asubuhi, chungulia nyua za nyumba za zamani, makanisa na shule, piga hodi panapokuvutia, kisha teremka taratibu hadi Busia. Watu wa pande hizi hawamnyimi mgeni anayesifu miti yao.

Je, wajua kuwa jamii hii ina aina zipatazo 2,600 duniani, lakini bara zima la Afrika, ukiacha visiwa, lina pungufu ya 70? Madagaska peke yake ina takriban 200, na karibu zote hazioti kwingine. Ndiyo maana mitende mingi ya mapambo unayoiona kwenye viriba kando ya barabara asili yake ni visiwani.

Je, wajua Tororo imeandikwa kwenye vitabu vya rekodi kwa sababu ya radi? Katika miaka kumi, kuanzia 1967 hadi 1976, mji huo ulipata wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Kwa mwenye bustani ya mitende, hiyo ni habari nzito. Mwembe ukivunjwa tawi huchipua pengine. Mtende wenye shina moja una sehemu moja tu ya kukulia, ule moyo mweupe uliofichwa kileleni katikati ya makuti, na moyo huo ukiungua basi mti umekwisha. Radi ikiupiga, kwa siku za mwanzo unaweza kudhani umepona: shina limesimama na makuti bado ni ya kijani. Baadaye makuti yanalegea na kuning'inia kando ya shina, utomvu unachuruzika, na kilele kinaanguka. Kwenye mashamba ya minazi na michikichi, miti iliyo jirani na ule uliopigwa nayo hufa mara nyingi. Kwa hiyo mwenye miche mitatu ya aina adimu pale Tororo atafanya vyema akiipanda pembe tatu za kiwanja, au miwili kati yake akaiombea nafasi kwa ndugu.

Je, wajua kuwa jeraha la mtende halifungi kamwe? Shina lake halinenepi kwa kuongeza pete kila mwaka kama mvule au mwarobaini, wala halina gome linaloweza kufunika kidonda. Angalia mtende wowote ulio karibu na stendi: tundu la msumari wa tangazo lililopigwa miaka mingi iliyopita bado lipo, ukubwa ule ule na urefu ule ule kutoka ardhini. Alama ya panga nayo hubaki hapo maisha yote ya mti, na ni mlango wa wadudu na kuvu. Ukitembelea bustani ya mtu anayejua kazi yake, utaona mashina safi, hayana msumari wala waya wa kuanikia nguo.

Na wale wanaonyoa mitende hadi ibaki na makuti manne ya juu yaliyosimama kama ufagio? Wanaiumiza. Mtende huchota potasiamu kutoka kwenye makuti yake ya zamani na kuyalisha machanga. Kuti la kijani likikatwa, chakula hicho kinatupwa. Kata lililokauka tu.

Je, wajua mtende wa heshima zaidi katika eneo hili mara nyingi haupandwi na mtu? Ni mkindu. Hupenda kingo za mito na mabwawa, na Mto Sio na Mto Malaba ni mahali pake hasa. Huota kwa kichaka, mashina mengi kutoka shina moja la chini, yakiinama huku na huko. Usiushike ovyo: vijani vya chini kabisa ya kila kuti vimegeuka miiba migumu, mirefu kama sindano ya kushonea magunia, na huchoma hadi ndani ya kidole. Kuti changa ambalo halijafunguka ndilo linalokatwa, likaanikwa, likachanwa, likasukwa ukili wa mikeka na vikapu. Mkindu una miti dume na miti jike, hivyo aliye na mmoja tu asishangae kukosa matunda. Nasema wazi: bustani ya mpakani yenye mitende ya Cuba na Australia lakini haina hata kichaka kimoja cha mkindu bado ina pengo.

Je, wajua majani marefu kuliko ya mmea wowote duniani ni ya jamii ya mwale? Aina moja ya Afrika ya Kati, Raphia regalis, hutoa kuti la mita 25. Mwale wetu, unaoota mabondeni Uganda na magharibi mwa Kenya, haufiki huko lakini nao humfanya mtu aonekane mdogo. Jambo la kusikitisha kwa mwenye bustani ni kwamba shina la mwale huzaa mara moja tu. Hukusanya nguvu kwa miaka mingi, hutoa vishada vizito vya matunda yenye magamba yanayong'aa kama yamepakwa vanishi, kisha hufa. Ukiona wa jirani umetoa karara, muombe mbegu mapema.

Je, wajua mti unaoujua kama mtende wa msafiri, ule uliofunguka kama kipepeo mbele ya hoteli, si mtende? Ni ndugu wa karibu wa ua la ndege wa peponi, na asili yake ni Madagaska. Wala ile mimea mifupi yenye majani magumu yanayochoma, inayowekwa kwenye vyungu vya saruji langoni, si mitende: ni saikadi, ukoo wa kale uliokuwapo enzi za dinosaria. Uganda ina saikadi zake za porini, ikiwamo Encephalartos whitelockii ya maporomoko ya Mpanga na Encephalartos equatorialis ya kando ya Ziwa Viktoria, ambayo iko hatarini kabisa kutoweka. Biashara ya kimataifa ya saikadi za porini za jamii hiyo imepigwa marufuku. Mtu akikuletea moja iliyong'olewa mwituni, usinunue.

Je, wajua mtende chupa, ule mfupi wenye tumbo, umejaa kwenye nyua za miji lakini nyumbani kwake uliponea chupuchupu? Kwao ni Round Island, kisiwa kidogo karibu na Mauritius. Mbuzi na sungura walioletwa na watu walitafuna kila mche uliochomoza, hadi katika miaka ya 1970 ikabaki miti mikubwa michache tu, inayohesabika kwa vidole. Mbuzi waliondolewa mwaka 1979, sungura 1986, na miche ikaanza kuota tena. Kuna ndugu yake ambaye bahati hakuipata: Hyophorbe amaricaulis umebaki mmoja tu duniani, katika bustani ya Curepipe huko huko Mauritius. Maua yake ya kiume na ya kike hayafunguki wakati mmoja, kwa hiyo hata kujizalisha wenyewe hauwezi.

Hata areka, ule mtende wa vishina vya manjano unaouzwa kwenye kila kitalu, una hali ngumu porini kwao Madagaska kuliko ulivyo kwenye varanda zetu.

Je, wajua mtende mkia wa mbweha haukuwa na jina la kisayansi hadi miaka ya 1980? Ulipewa jina hilo mwaka 1983, Wodyetia bifurcata, kwa heshima ya Wodyeti, mzee wa wenyeji asilia wa eneo la Cape Melville, Australia, aliyeufahamu mti huo kabla ya mtaalamu yeyote. Ushike kuti lake utaelewa: vijani vimepangwa pande zote za uti, si pande mbili tu, na kuti zima linajaa mkononi. Umeenea duniani kote kwa mikono ya wapenda mitende.

Je, wajua bustani ya kukusanyia mimea inaweza kubadili uchumi wa dunia? Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi kutoka Afrika ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwani Java. Watoto wa miche hiyo ndio walioanzisha mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki, na leo Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Mti wetu, utajiri wao. Lakini safari haikuishia hapo. Mchikichi wa kawaida hauzai vizuri penye baridi ya mwinuko, kwa hiyo huko Costa Rica watafiti walizalisha michikichi inayovumilia baridi, wakitumia wazazi kutoka nyanda za Bamenda, Kamerun, na kutoka Kigoma, Tanzania. Shirika la FAO lilisaidia kuleta michikichi chotara ya namna hiyo kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya, na kufikia 2003 ilikuwa inazaa. Damu ya Kigoma imezunguka hadi Amerika ya Kati ndipo ikarudi karibu na Ziwa Viktoria.

Je, wajua bustani kubwa iliyo karibu kwa mtu wa Tororo au Busia anayetaka kujifunza ni ya Entebbe? Ilianzishwa mwaka 1898, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte. Nenda ukaone mtende uliokomaa kabla hujaupanda mita moja kutoka ukuta wa nyumba.

Je, wajua Pemba ina mtende wake yenyewe? Ni mpapindi, unaoota katika msitu wa Ngezi, na nje ya Pemba hauoti porini mahali pengine popote. Ndugu zake wote wa karibu wako Madagaska na Komoro. Ni mwembamba, wenye pete nzuri shinani, na unastahili nafasi kwenye bustani zetu kuliko aina nyingi tunazozifuata mbali.

Kuna ndege mdogo wa jamii ya teleka ambaye hubandika kiota chake chini ya kuti kwa mate, na mayai nayo huyabandika, ili upepo usiyamwage. Kila palipopandwa mitende mjini, naye hufuata. Sababu nyingine ya kutonyoa makuti.

Je, wajua kuwa kabla ya 1902 safari ya kutoka Tororo hadi Busia ya upande wa Kenya isingekuwa ya kuvuka mpaka wowote? Eneo lote hadi karibu na Naivasha lilihesabiwa kuwa Uganda, mpaka Waingereza walipoukata mkoa wa mashariki na kuuhamishia upande wa Kenya. Tarehe 24 Februari 2018 Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya wakati huo, na Rais Museveni wa Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, na leo mtu huvuka kwa urahisi. Mche hauvuki hivyo. Unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka nchi unakoupeleka, kisha cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakoutoa. Upande wa Kenya wahusika ni KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea; upande wa Uganda ni Wizara ya Kilimo. Usione utaratibu huu kama usumbufu. Fukusi mwekundu wa mitende, aliyeingia nchi za Ghuba katika miaka ya 1980, alisambaa kwa kuhamishwa miche, na buu wake hula shina kwa ndani bila kuonekana. Kufungia mche kwenye gunia nyuma ya boda boda na kupita njia za panya kunaweza kuwaletea majirani wote hasara.

Na ukishapewa mbegu kihalali, usizianike. Mbegu nyingi za jamii hii zikikauka zinakufa. Osha nyama yote, loweka siku mbili tatu ukibadilisha maji, fukia kwenye mchanga uliochanganywa na maranda, weka penye joto, subiri. Areka huchomoza ndani ya miezi michache. Mkia wa mbweha unaweza kukuweka mwaka. Mvumo, mkoma na ule mtende wa fedha wa Madagaska, Bismarckia, hufanya vingine kabisa: mbegu kwanza huteremsha mkia mrefu ardhini, na jani la kwanza huchipuka kutoka chini huko, mbali na mbegu yenyewe. Kiriba kifupi huukunja mkia huo na mche hudumaa. Kwa hao watatu, chimba pale pale unapotaka mti ukae, fukia mbegu, weka vijiti vinne kuzunguka, na uwaambie watoto wasichezee hapo.