Je, Wajua? Mchanga Ndio Adui wa Rangi ya Gari

Je, wajua kwamba kinachokwaruza rangi wakati wa kukausha gari mara nyingi si kitambaa, bali mchanga ulionasa kwenye kitambaa hicho? Chembe zake ni ngumu kuliko tabaka angavu linalofunika rangi, nalo kwa kawaida ni jembamba kuliko unywele wa mtu.

Wakazi wa Bariadi, mkoani Simiyu, wanalijua vumbi la kiangazi. Kwa hiyo, kabla ya kukaushwa, gari lisuuzwe kwanza kwa maji mengi, kuanzia juu.

Simiyu ni mkoa maarufu kwa pamba, lakini tambara la shati kuukuu la pamba huburuta mchanga juu ya bodi. Taulo la maikrofaiba huuzamisha kati ya nyuzi zake. Litandazwe kwenye boneti na kugandamizwa taratibu, bila kusugua. Likianguka chini, lifuliwe kwanza.